TAHADHARI: Dada wa "maji ya kuyeyusha kitambi" anazunguka Tabata, Segerea na Kimara, Dar es Salaam

Jamani, naandika mikono inatetemeka na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimetulia wiki mbili nzima kwa sababu ya aibu, na wiki hizo mbili yule mwanamke ameendelea kuuza. Jana shoga yangu wa Kimara kanitumia picha aliyoitoa kwenye stetasi ya mtu: kidude kilekile cheusi, glasi mbili, moja maji ya kahawia, nyingine meupe. Nikasema basi, aibu ikae pembeni.

Mnaonifahamu mnajua mwaka huu nimehangaika kupunguza uzito, kwa hiyo hilo sirudii. Wifi ndiye aliyenialika. "Njoo Jumamosi, kuna dokta wa lishe anakuja nyumbani, hatozi kitu." Wifi simlaumu, naye kaliwa hela yake.

Tulikuwa wanawake tisa sebuleni. Yule dada akaingia na koti jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, kitambulisho shingoni, ila muda wote kilikuwa kimegeuka, upande wenye jina unatazama kifuani. Akaomba tusali kwanza. Akasali kwa upole, akaombea ndoa zetu na watoto wetu, mama mmoja akaitikia amina hadi sauti ikakatika. Ndipo akaanza kuuliza mmoja mmoja anasumbuliwa na nini. Mimi nikasema magoti yananiuma na nguo zangu zote zimenikataa. Akanishika mkono, akaniangalia machoni, akasema: "Dada yangu, wewe si mnene. Wewe umejaa uchafu."

Nilitokwa na machozi pale pale. Miaka yote tangu nimjifungue wa pili naambiwa nakula sana, nimejiachia, hata mama mzazi anayasema mbele za wageni. Huyu akawa mtu wa kwanza kuniambia kosa si langu. Nadhani pale ndipo alipokwisha kunipata, hata kabla ya hizo glasi.

Akamwomba wifi glasi mbili safi. Moja akasema wifi aende mwenyewe akaijaze bombani, ili tusiseme kuna mchezo. Ya pili akaijaza kutoka kwenye dumu lake. Akatoa kile kidude, kina vyuma vinne vinaning'inia kama miguu, viwili vinaingia glasi hii na viwili ile, akachomeka kwenye umeme. Tukawa tumeinama wote juu ya meza. Haikuchukua hata dakika. Maji ya bomba yakawa manjano, yakaingia ukijani, mwisho yakawa kahawia mazito, juu yanaelea povu na mabonge mabonge kama mafuta ya supu iliyolala. Ya kwake meupe, vilevile, unaona kitambaa cha meza upande wa pili. Mwenzetu mmoja akatoka nje kutema mate. Na mimi nilikuwa nimetoka kunywa glasi nzima ya maji ya bomba lile lile.

"Hayo ndiyo mnayowapa watoto," akasema. "Na hayo ndiyo yameganda hapa." Akanigusa tumbo kwa ncha ya kalamu.

Halafu akaja na kichupa cha matone. Tone kwenye soda, ikawa nyekundu. Tone kwenye maji ya bomba, kijani. Tone kwenye ya kwake, zambarau nzuri kabisa. Akasema hiyo ni alkali, yaani kinyume cha asidi, kipimo chake pH 9.5, mafuta ya mwilini yanatokana na asidi, ukinywa alkali yanayeyuka na kutoka kwa haja ndogo. Akatugawia tuonje. Tukaonja kweli, glasi tatu, nne, na wifi alikuwa ameshatulisha wali na maharage. Baada ya hapo ndiyo akatoa mizani, tukapima na nguo zetu na viatu. Mimi kilo 84.6. Akaandika kwenye daftari.

Dozi ni siku 21: madumu sita ya lita 10 na pakiti za unga wa kijani. Laki tatu na thelathini, ila kwa atakayelipa siku ile, laki mbili na themanini. Nilikuwa na hela ya kikoba, zamu yangu ilikuwa imefika wiki ile na ilikuwa ya ada. Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea halikuwa lake, lilikuwa la mwanaume. Nikamuuliza. Akasema ni mhasibu wa kampuni. Nikabonyeza namba ya siri.

Wanaonicheka naomba wanisikilize kidogo. Sikumwamini kwa upumbavu. Nilimwamini kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli, na kila mtu ameshaambiwa kunywa maji kunasaidia kupungua. Na kunasaidia kweli! Maji hayana hata kalori moja. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na mimi nilikuwa nakunywa mbili kwa siku kazini. Ukiiacha ukanywa maji, lazima mwili uone tofauti. Kuna utafiti uliofanyika Marekani ukachapishwa mwaka 2010: watu wenye miaka 55 na kuendelea walipunguza chakula, na kundi lililokunywa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo likapungua kama kilo 2 zaidi ya wenzao, kwa wiki 12. Kilo 2, wiki 12, na chakula wamepunguza. Tena maji ya kawaida, tumbo linajaa kidogo unakula pungufu, basi. Yeye akachukua jambo la kweli la bure akalifungia kwenye dumu akaniuzia kwa hela ya ada ya mwanangu.

Masharti yalikuwa haya: lita 3 kila alfajiri kabla ya kula chochote, zote ndani ya saa moja, "la sivyo mafuta yanaganda upya". Unga jioni. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna soda, hakuna chumvi kabisa. Siku ya pili nikaanza kuharisha. Nikampigia, akasema ndiyo uchafu unatoka, nimshukuru Mungu. Siku ya tano akaja kunipima saa kumi na mbili asubuhi, sijala, sijanywa, nimetoka chooni mara ya tatu, nimevaa khanga tu. Kilo 80.9. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kilo 3.7 kwa siku tano! Akanikumbatia. Kabla hajatoka mlangoni nikawa nimemtumia laki na ishirini nyingine za "unga wa kumalizia". Laki nne jumla. Nikamtumia dada yangu picha ya mizani.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hilo tulifundishwa shule ya msingi, nalijua, na siku ile halikunijia kichwani. Alinipima mara ya kwanza nimejaa maji yake, wali, maharage, viatu na gauni. Akanipima mara ya pili nimekauka kama kuni.

Siku ya tisa nikaamka kichwa kinapasuka. Nikanywa zile lita 3 hivyo hivyo, maana nilishalipia. Nikatapika. Nikaanza kusahau maneno, mwanangu ananiuliza sare iko wapi namwangalia tu. Mume wangu akanibeba kwenye bajaji hadi kituo cha afya. Wakapima, sodiamu imeshuka, ile chumvi ya kwenye damu. Daktari akauliza nimekunywa nini, nikaona aibu kusema, mume wangu ndiye akasema. Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba figo za mtu mzima mwenye afya zinaweza kutoa kama lita moja tu kwa saa, hazifiki mbali ya hapo. Ukimimina zaidi, tena unaharisha, tena chumvi huli, damu inakuwa nyepesi na ubongo unavimba. Mwaka 2007 kule California mama wa watoto watatu, miaka 28, alikufa hivyo hivyo baada ya shindano la redio la kunywa maji bila kwenda kukojoa. Maji matupu, hayakuwa na sumu. Nililala usiku mmoja na dripu mkononi nawaza watoto watatu wa yule mama.

Kuhusu alkali, daktari alisema tumboni kuna asidi kali, maji ya pH 9.5 yakifika pale yanaishia pale. Na damu inakaa kati ya 7.35 na 7.45, mapafu na figo ndiyo yanailinda, haibadilishwi na glasi ya maji. Kuhusu unga hakutaka kusema bila vipimo, ila alisema dalili zangu ni za mtu aliyekunywa dawa inayosababisha kuharisha.

Sasa ile glasi. Maana pamoja na yote, nilikuwa bado naogopa maji ya bomba! Nimetoka hospitali nawachemshia watoto mara mbili. Shemeji anayefundisha kemia akaja kuniona, nikamwambia, akacheka kwanza halafu akaona nalia akaacha. Akaomba misumari miwili ya chuma na betri ya pikipiki. Tukatoka uani. Maji ya bomba: misumari ikaingia, dakika chache, kahawia na povu, kitu kilekile nilichokiona kwa wifi. Maji ya dumu: kimya, meupe. Nikamwambia si unaona? Akasema leta chumvi. Akatupia kijiko kimoja kwenye maji ya dumu. Jamani. Yakageuka tope kuliko hata ya bomba.

Ni chuma kinachoyeyuka. Kutu. Maji ya bomba yana madini, umeme unapita, chuma kinalika na kumwagika ndani ya glasi. Maji ya dumu yamechujwa hadi madini yameisha, umeme haupiti, kwa hiyo hayabadiliki. Uchafu haukuwa kwenye maji yetu, uliletwa na vile vyuma vyake. Na kama yana madini machache namna hiyo, ile rangi ya zambarau nayo, shemeji anasema, inapatikana kwa chembe ya magadi tu. Nimenunua maji ya kuchujwa ya dispensa, yale yale ambayo duka la mtaani kwetu linauza kwa bei ya kawaida, kwa laki nne.

Nataka akamatwe. Sisemi aonywe, akamatwe. Nimekwenda kituoni, nimepewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, namba yake nimeituma 15040 kama namba ya tapeli, na kesho kutwa napeleka pakiti za unga TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Koti lile avuliwe mbele za watu. Hela arudishe, ya kila mmoja, halafu ndiyo afungwe, na huyo "mhasibu" wake afungwe naye. Mtu unaanza na sala, unataja watoto wa watu mbele za Mungu, halafu unakwenda kumpa mama yao kitu cha kumuua? Nikiandika hapa natetemeka tena. Nimempigia kwa namba ya mume wangu akapokea, kusikia sauti yangu akakata.

Mnauliza mtamjuaje. Jina analotumia linabadilika, kwa wifi alitaja moja, Segerea jingine, kwa hiyo msitegemee jina. Angalieni kidude cheusi cha vyuma vinne. Madumu hayana alama ya TBS, shirika la viwango, hayana tarehe, hayana jina la kiwanda, karatasi yake imechapwa nyumbani. Anataka ulipe siku ile ile na jina kwenye simu si lake. Hatoi risiti. Akikwambia kuharisha ni dalili nzuri, ondoka. Mengine sikumbuki, nikikumbuka nitaongeza.

Dumu moja halijafunguliwa, liko chini ya kitanda, msiniambie nilimwage, ni ushahidi.

Na kuna jambo linaninyima usingizi kuliko hela. Siku ile kwa wifi kulikuwa na mama mtu mzima, amekaa karibu na mlango, kitenge cha bluu, alisema amepanda daladala kutoka Kimara. Alimwambia yule dada ana presha na anameza vidonge kila siku. Yule dada akamjibu mbele yetu sote: "Mama, ukianza maji haya vidonge viweke kabatini kwanza." Yule mama akashukuru, akafungua fundo la khanga akahesabu hela, akanunua dozi mbili, moja ya mumewe. Mimi nilikuwa pembeni yake na sikusema neno. Wifi hana namba yake, alikuja na mtu aliyekuja na mtu. Kama ni mama yako, shangazi yako, jirani yako, mtu wa kanisani kwenu, tafadhali mwambie leo asinywe yale maji na arudi kwa daktari wake na vidonge vyake. Halafu uniandikie, hata usiku wa manane, nijue kama yuko salama.