Miaka miwili na Mazda RX-8 Arusha: namba iliyotaka kuniuzisha gari

"Mangi, hili gari usiliwashe kama huna safari." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kaka aliyeniuzia, tumesimama Soweto, Moshi, hela imeshaingia kwenye simu yake na funguo ziko mkononi mwangu. Nikajua ananihurumia bei ya petroli. Wiki ya tatu ndipo nikaelewa alichomaanisha.

Gari lenyewe ni RX-8 ya 2004, Type S, gia sita za mkono, lilikuwa na kilomita 98,000. Nilitoa milioni 13 na nusu. Niliamua kununua la hapa hapa badala ya kuagiza Japani kwa sababu nilitaka kulisikia likiwaka kabla ya kulipa, na pia kwa umri wake ushuru wa uchakavu ungenimaliza.

Wiki hiyo ya tatu nililiacha kwa vijana wanaoosha magari Sakina. Ilikuwa Julai, na baridi ya Arusha ya Julai mnaijua. Kijana akaliwasha, akalisogeza mita tano hadi penye maji, akazima. Alipomaliza kuosha akapiga stata, kimya. Akapiga tena na tena mpaka betri ikaisha. Fundi wa kwanza kufika akasema pampu ya mafuta imekufa, wa pili akataka tushushe tangi.

Hakukuwa na kitu kibovu. Injini ya gari hili ni ya rotari, nitaieleza chini kidogo, na ikiwa ya baridi hulishwa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijashika moto, petroli ile inabaki ndani, inaosha utando wa oili unaosaidia sili (vipande vinavyoziba kingo za rota) kuziba, mgandamizo unashuka na plagi zinalowa. Tulichaji betri ikajaa, nikakanyaga mafuta mpaka chini kabisa na kupiga stata kama sekunde kumi. Ukikanyaga hivyo kompyuta ya gari inakata petroli, injini inavuta hewa tupu na kujikausha. Nikaipumzisha stata, nikarudia mara tatu, kisha nikawasha kawaida. Likatoa wingu la moshi mtaa mzima ukageuka, halafu likatulia, linanguruma taratibu kama kwamba halikuwa na neno. Tangu siku hiyo, nikiliwasha nalizungusha mpaka mshale wa joto ufike katikati, hata kama nilitaka kulitoa tu getini. Naosha mwenyewe nyumbani Njiro.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: humo ndani hamna pistoni wala valvu. Kuna rota mbili zenye pembe tatu, zinazunguka ndani ya nyumba yenye umbo la karanga. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel, lakini Mazda ndio walioling'ang'ania tangu Cosmo Sport ya 1967, wakashinda nalo mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 kwa gari la rota nne. Kila rota ya kwangu ina cc 654, jumla 1308, na gari linatoka Japani na nguvu za farasi 250. Rota ikizunguka mara moja, shafti imezunguka mara tatu. Kwa hiyo geji inaposoma 9,000, rota zenyewe ziko 3,000 tu, na ndiyo maana inapanda huko juu bila kutetemeka. Sijawahi kuendesha kitu laini namna ile. Gia ya kwanza peke yake inakufikisha kilomita 65 hivi kwa saa, kwa hiyo starehe yote ya gari hili unaipata kwa umbali mfupi, bila kuvunja vibao vya 50: unatoka nje ya kijiji pale baada ya Kikatiti, unavuta gia mbili, basi, moyo umeridhika.

Tena halipendi kubembelezwa. Ukitembea nalo kwa upole kila siku kati ya Kijenge na Mnara wa Saa, masizi yanajijenga na sili zinaanza kunata. Likishapata moto, livute.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kuisha gari likaanza kumisi likiwa na moto, na nguvu zikapungua kupanda Sekei. Nikalipeleka gereji moja Unga Limited. Fundi, mzee mtaratibu, akafunga geji ya kawaida ya kupima mgandamizo, akasoma, akanyamaza. "Mwanangu, injini hii imechoka. Tafuta mteja kabla haijasimama." Nilirudi nyumbani kwa bodaboda na sikula.

Shida ya kwanza ni geji. Ile ya kawaida ina kivalvu kinachoshikilia namba kubwa kuliko zote, na rota moja ina nyuso tatu, yaani unatakiwa kuona mapigo matatu. Uso mmoja ukiwa mzima na miwili imekufa, geji itakuonyesha ule mzima tu. Nikaagiza kipimo cha rotari cha elektroniki, kikanifikia baada ya wiki tano kupitia Dar. Tukapima upya injini ikiwa ya moto, betri imejaa. Rota ya mbele ikasoma 6.5, 6.4, 6.5 (ni kilo kwa kila sentimita ya mraba). Ya nyuma 6.3, 6.4, 6.4. Mapigo yalikuwa sawa, hapo nikashusha pumzi. Lakini kiwango cha chini kabisa cha Mazda ni 6.9 kwa kasi ya stata ya mizunguko 250 kwa dakika. Mzee akanitazama tu. Kwa karatasi, nilikuwa nimefeli.

Nilikaa na zile namba siku mbili mpaka nikajiuliza swali ambalo natamani kila mwenye rotari Arusha ajiulize: hiyo 6.9 ilipimwa wapi? Injini inagandamiza hewa inayoikuta. Mjini kwetu tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Ukigawa 6.4 kwa 0.85 unapata 7.5. Injini ilikuwa inapumua hewa ya Arusha, basi. Nikamwandikia mzee hesabu ile kwenye boksi la plagi. Akaisoma polepole, akasema, "Kama ni hivyo, tutafute ugonjwa kwingine."

Ugonjwa ulikuwa koili, zile zinazotengeneza umeme wa plagi. RX-8 ina koili nne na plagi nne, mbili kwa kila rota, na koili zake huchoka mapema. Ikichoka, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kichujio cha ekzosi, kichujio kinayeyuka na kuziba, moto unarudi kwenye injini, na hapo ndipo sili zinakufa kweli. Watu wengi husema injini ilikufa yenyewe, kumbe ilianza na koili. Tulibadilisha zote nne kwa pamoja na plagi zake, na nawaomba sana msichanganye plagi: za chini na za juu si aina moja. Fundi mmoja kabla ya mzee alikuwa amezibadilishana, na nadhani hilo lilichangia.

Jingine ni oili. Gari hili linakula oili kwa makusudi, lina pampu ndogo inayoingiza oili ndani ya vyumba ili kulainisha sili. La kwangu linakula nusu lita hivi kila kilomita 1,000. Asiyelijua hilo anaendesha mpaka taa nyekundu iwake. Mimi napima kila ninapojaza mafuta, na namwaga oili yote kila kilomita 5,000. Kwenye tangi naongeza kidogo oili ya 2T, ile ya injini za two-stroke. Petroli nayo si ya kuficha: mjini lita moja kilomita 6, kwenda Moshi na kurudi naweza kufika 9. Kama hesabu yako ya mwezi imebana, chukua gari jingine na ubaki na amani.

Matuta ya barabara za ndani Njiro nayapanda kimshazari. Milango midogo ya nyuma inafunguka kinyumenyume, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Mama yangu, ambaye hajawahi kusifia gari, alikaa nyuma hadi Marangu na aliposhuka akasema, "Hili limekutunza." Sijui alimaanisha nini, lakini nimelihifadhi neno hilo.

Spea hapa mjini hazipo. Kila kitu ni oda, na kila oda ni wiki kadhaa, kwa hiyo naweka kabatini koili mbili, plagi seti moja na stata. Magari ya mwanzo kama hili yalikuja na stata inayozungusha taratibu, Mazda wenyewe wakaja kuweka yenye nguvu zaidi. Hiyo ndiyo niliyoifunga garini, na kuwasha likiwa la moto kumebadilika kabisa.

Desemba iliyopita tulishuka Tanga kwa harusi ya binamu. Nilibeba kile kipimo kwenye buti. Asubuhi ya pili, kabla ya watu kuamka, nikalizungusha gari mpaka Raskazone na kurudi lipate moto, nikafungua plagi kwenye ua wa shangazi na kupima. Mbele 7.7, 7.6, 7.6. Nyuma 7.5, 7.5, 7.6. Nilipiga picha kioo cha kipimo na kumtumia mzee Unga Limited. Akanipigia saa hiyo hiyo, nyuma nasikia nyundo za gereji. "Soma tena, mwanangu," akasema, "polepole, niandike."