Ilimba au rege: kijana wa Dodoma aanzie wapi?

Kijana wa Dodoma anayetaka kuujua urithi wa Mwafrika kupitia muziki ana milango miwili mizuri: ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma juu ya ubao, na rege, muziki wa Jamaika.

Ilimba inataka mwalimu wa ana kwa ana. Vyuma vyake hupigwa kwa vidole gumba, na tundu la ubao hufunikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Mvumo ule simu haiubebi vizuri. Ukae karibu nao. Chamwino, mkoani Dodoma, wazee wanaoujua bado wapo, na akina mama wanapiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani (ukiwaona mara moja hutasahau). Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya huku akiimba Kigogo chake.

Rege hupatikana kirahisi: gitaa, spika, marafiki. Imebeba historia ya watu waliovushwa bahari wakiwa watumwa, na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2018.

Kwangu, aanzie ilimba. Rekodi za rege za Kingston, Jamaika, zitamngoja, ila mzee wa Chamwino anazeeka kila masika. Akishashika ilimba, asikilize nyabinghi, ngoma tatu za Warasta zilizoilea rege: besi inatuliza, funde inashikilia mapigo, ripita inacheza juu yake. Hapo mikono yake itakuwa tayari kuelewa.