Mche wa elmu: uliza umetoka wapi kabla ya kuuliza bei

Ukikuta kwenye kitalu cha Marekani mche wa elmu (kwa Kiingereza elm, mti mkubwa wa kivuli) ulioandikwa "elmu ya Kimarekani" tu, bila jina la aina, uache. Huenda umeoteshwa kwa mbegu, na hakuna anayejua kama utahimili ugonjwa wa Kiholanzi wa elmu, ulioingia nchini humo karibu na 1930 na kuua miti ya barabarani kwa mamilioni. Ni fangasi anayebebwa na mbawakawa wa magome. Huziba njia za maji ndani ya mti, na majani hunyauka tawi baada ya tawi. Mche wenye jina ni nakala ya mti mmoja unaojulikana. Hicho ndicho unacholipia.

Kati ya aina zenye majina, namba moja kwangu ni Princeton. William Flemer wa Princeton Nurseries, New Jersey, aliuchagua 1922 kwa umbo lake tu, kabla ugonjwa haujafika huko. Uhimilivu ulikuja kugundulika baadaye. Hukua upesi, na matawi hupanda juu kisha hufunguka kama mwavuli.

Namba mbili ni Valley Forge, uliotolewa na U.S. National Arboretum, bustani ya miti ya taifa la Marekani, mwaka 1995. Kwa kuhimili ugonjwa uko mstari wa mbele, ila utotoni ni mkorofi: matawi hukimbilia kila upande. Tazama kwenye panda, yaani pale matawi yanapogawanyika. Ukiona gome limebanwa ndani kati ya matawi mawili, panda hiyo itapasuka siku ya upepo mkali, kwa hiyo kata tawi moja mapema. Kama kupogoa si kazi yako, rudi kwa Princeton.

New Harmony, wa mwaka huohuo, unafuata. Jefferson umezalishwa kutoka mti wa uwanja wa National Mall, Washington, ukatolewa 2005; ukiupata, chukua. Accolade una asili ya Asia na ulichaguliwa Morton Arboretum, Illinois. Unafaa asiyeng'ang'ania elmu ya Kimarekani halisi.

Camperdown wa Scotland, wenye matawi yanayoinamia chini, ni pambo zuri lakini ugonjwa huuweza. Nauweka mwisho.

Kabla ya kulipa, omba mche utolewe chunguni. Mizizi ikiwa imejizungusha, chagua mwingine. Na usipange elmu tupu uwanja mzima: mizizi ya jirani huungana chini kwa chini, na ugonjwa hupita humo.