Kupanga Paje au Jambiani kwa Ajili ya Kaiti: Uzoefu Wangu wa Kusi na Kaskazi

Anayetafuta pa kuishi Unguja kwa ajili ya kaiti, yaani mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao huku ukivutwa na tiara kubwa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza habari za upepo. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Pwani ya mashariki hupata kusi kuanzia Juni hadi Septemba, na kaskazi kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari au mwanzoni mwa Machi, na ni pepo hizo hizo ambazo manahodha wa majahazi walizitegemea kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajafikiria kujifunga tiara kiunoni. Swali gumu ni la maji: yako wapi saa ile ambayo wewe una nafasi, yana kina gani, na ni nani mwingine anayeyatumia. Nimekaa Paje msimu wa kaskazi na Jambiani msimu wa kusi, nikifanya kazi zangu kwa kompyuta nyumbani na kushuka baharini kila nilipopata mwanya, kwa hiyo haya ni maoni ya mpangaji, wala si ya mgeni wa wiki moja aliyekuja na kuondoka na picha nzuri.

Niyaeleze maji kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Siku za bamvua, zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huzidi mita 3, na mara nyingine hukaribia mita 4. Siku hizo bahari hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ikaacha mchanga mtupu na vidimbwi karibu hadi kwenye mwamba, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri hadi ikafika kwenye mizizi ya minazi. Siku za maji mafu, zile za mwezi nusu, mambo hugeuka, maji makubwa yakaja asubuhi na madogo alasiri, lakini tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kucheza karibu kutwa nzima bila kutazama saa. Kati ya hali hizi mbili, maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Mtu mwenye kazi ya ofisini ambaye hupata nafasi saa kumi tu anaweza kuona neema wiki moja na wiki inayofuata akawa anatembea kwa miguu kuyafuata maji, hata kama upepo haukubadilika hata kidogo.

Paje imejengewa sifa yake juu ya kipindi cha katikati, maji yanapokuwa nusu. Mwamba uko mbali na ufukwe na unavunja mawimbi yote makubwa ya bahari kuu, chini ni mchanga mweupe, na kina kinakuwa cha magotini hadi kiunoni kwa eneo pana sana. Anayejifunza anaanguka, anasimama, anautafuta ubao wake, anaanza tena, na hakuna anayezama. Ukisimama ukiitazama bahari, kaskazi inakuja kutoka mkono wa kushoto na kusi kutoka mkono wa kulia, na zote mbili huvuma kwa pembe inayokurudisha ufukweni badala ya kukutoa nje. Hilo peke yake ni sababu tosha ya skuli za kaiti kurundikana hapa kuliko mahali pengine popote Unguja. Kaskazi niliyoipata ilikuwa ya upole, noti (maili za baharini kwa saa) 12 hadi 18, ikiongezeka nguvu mchana jua linapoipasha nchi kavu moto, na tiara yangu ya mita za mraba 12 ndiyo iliyokuwa juu karibu kila siku. Kusi ni kali zaidi, huanza asubuhi mapema na huweza kupita noti 20, nami huiweka ile ya 12 kabatini na kutoa ya 9. Maji ya Julai yana ubaridi kidogo kwa sisi tuliozaliwa hapa, lakini fulana nyembamba ya mikono mirefu inatosha.

Ubaya wa Paje ni watu. Mwezi wa Januari maji yakiwa nusu, anga ya mbele ya skuli kubwa hujaa tiara na kamba zake za zaidi ya mita 20, wanaojifunza wakiwa katikati ya wanaojua, na nimeona kamba za watu wawili zikisokotana hadi zote mbili zikaanguka juu ya mashua ya mvuvi iliyotia nanga. Muziki wa usiku, hasa mwisho wa wiki, unasikika mbali, na kama una watoto wanaoamkia chuoni hilo si jambo dogo. Bei nazo nilizikuta zimeandikwa kwa dola, kuanzia kodi ya nyumba hadi kahawa. Nimegundua hata hivyo kwamba ukiuliza kwa Kiswahili, kwa adabu na bila haraka, bei ya mwenyeji ipo, ingawa haiandikwi popote.

Jambiani, inayofuata upande wa kusini, ni kijiji kirefu kilichojinyoosha kando ya bahari, kina utulivu, na nyumba ya vyumba viwili niliyopanga huko ilinigharimu pungufu waziwazi kuliko chumba kimoja cha Paje. Wachezaji wa kaiti ni wachache na nafasi ni kubwa. Kinachohitaji uangalifu ni mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwenye pwani hii, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na hadi leo akina mama wana mashamba yao majini, upande wa ndani wa mwamba: vijiti vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na vishada vya mwani vinaning'inia humo. Maji yakijaa huvioni. Kisu cha chini ya ubao kikipita juu ya kamba hizo kinang'oa kazi ya wiki kadhaa, na wewe mwenyewe unarushwa mbele juu ya vijiti vyenye ncha. Siku za bamvua, maji yakikupwa asubuhi, ndipo akina mama wanaposhuka kufunga na kuvuna, na asubuhi moja nilipokuwa nimebeba tiara begani, bibi mmoja aliyeketi majini hadi kiunoni aliniitikia shikamoo yangu kisha akaniambia, "Mwanangu, pitia kule kwenye mchanga mtupu, hapa tumetanda hadi ilipo ile ngalawa." Tangu hapo nimekuwa nikitembea mashambani maji yakiwa yamekupwa, kabla ya kurusha tiara yoyote sehemu nisiyoijua, na namshauri kila mpangaji mpya afanye hivyo kabla ya kulipa kodi. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hupenda kujificha kwenye nyasi za bahari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo skuli hazikwambii, kwa kuwa wao wamejenga mahali pamoja na hawahami. Nyumba inafaa iwe upande upepo unakotoka. Kusi inapovuma, mtu anayeishi Jambiani anaweza kurusha tiara mbele ya nyumba yake na kuteremka na upepo hadi Paje, na akiwa na nguvu hadi Bwejuu, bila kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, hata mara moja. Kisha anakunja vitu vyake kwenye mfuko na kurudi kwa daladala namba 309, ambayo kondakta wake atauweka mfuko juu ya keria pamoja na magunia ya mkaa bila kushangaa. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka: anayeishi Bwejuu au mwanzo wa Paje ndiye anayeteremka kwenda Jambiani. Anayekaa upande usiofaa hulazimika kubisha njia nzima, na kubisha kwa kaiti kunachosha mikono na magoti kwa namna ambayo siku ya pili hutaki kuiona bahari. Ndiyo maana sikufunga mkataba wa mwaka mzima mahali pamoja, na sijutii gharama ya kuhamisha godoro na jiko mara mbili kwa mwaka.

Sehemu nyingine nimezijaribu kwa muda mfupi zaidi. Kiwengwa na Pwani Mchangani zina mwamba na mchanga kama wa Paje na wachezaji wachache, lakini ufukwe umeshikwa na hoteli kubwa na nyumba za kupanga za bei ya kawaida ziko mbali na maji. Nungwi ni pazuri kwa familia ambayo mmoja tu anacheza, kwa sababu mtu anaweza kuogelea humo karibu saa zote bila kusubiri maji yajae. Kwa kaiti, upande wake wa mashariki unapata kaskazi vizuri, ilhali Kendwa, iliyo magharibi, imekingwa na kisiwa chenyewe. Michamvi Kae inatazama machweo, na kwa sababu hiyo hiyo upepo wa kusi hutoka nchi kavu kwenda majini, ukielekea ghuba ya Chwaka. Tiara ikianguka hapo, unasukumwa mbali na ufukwe. Simshauri mtu yeyote acheze pwani ya magharibi bila mashua ya injini inayomfuata, awe hodari namna gani.

Pemba ni habari ya peke yake. Ufukwe wa Vumawimbi, karibu na msitu wa Ngezi, una upepo safi wa mashariki na mchanga mrefu usio na mtu, na mchana mmoja niliokaa pale nilikuwa na bahari yote peke yangu. Lakini upweke huo una gharama: sikukuta skuli, mashua ya uokoaji wala mtu wa kuishika tiara yangu wakati wa kutua, isipokuwa vijana wawili wa kijijini waliojifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Kwa anayejitegemea kikamilifu, ambaye amekuja na mwenzake na vifaa vya akiba, Pemba inafaa kwa safari. Kwa kuishi, na hasa kwa anayejifunza, bado.

Kuhusu mafunzo, nimesoma kwenye skuli mbili za Paje na tofauti yao ilikuwa kubwa. Ya kwanza ilihesabu saa ya somo kuanzia unapovaa ufukweni mkanda wa kiunoni unaoshika tiara, hivyo siku maji yalipokuwa yamekupwa, robo ya fedha yangu iliishia kwenye kutembea mchangani hadi kwenye kina na kurudi. Nilipolalamika niliambiwa ndio utaratibu. Ya pili ilikuwa na ubao mweupe mlangoni ulioandikwa saa za maji za wiki nzima, na masomo yalipangwa kuzifuata, hata ikiwa na maana ya kuanza saa moja asubuhi. Mwalimu alikuwa kijana wa Paje hapo hapo, mwenye cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mafunzo ya kaiti, aliyezungumza nami kwa Kiswahili kupitia redio iliyofungwa kwenye kofia ngumu, na sijui kwa nini skuli nyingi humpa mwenyeji mwalimu wa Kiingereza bila hata kumuuliza. Siku ya kwanza hakunipa ubao kabisa. Alinifanya nivute kishikizo cha dharura, tiara ianguke, niifunge upya, nivute tena, hadi mkono ukawa unakwenda wenyewe bila macho kutazama. Kabla ya kulipa popote, uliza kama wana mashua ya injini iliyo tayari muda wote wa masomo, na uliza kuiona. Maelezo kwamba "ipo kwa jirani" usiyakubali.

Nyumba yenyewe nayo ina maswali yake. Hewa ya chumvi inakula bawaba, pampu ya tiara na kompyuta bila ubaguzi, kwa hiyo chumba kinachofungika vizuri ni bora kuliko baraza lenye mandhari. Uliza maji ya bomba yana chumvi kiasi gani, kwa kuwa mkanda na tiara vinahitaji kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi, na mita ya tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Wakati mzuri wa kupatana bei ni Mei, mvua za masika zikiwa hazijaisha, hoteli nyingi zimefunga, na mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza kwa shilingi na kwa miezi minne badala ya mwaka. Nenda kaitazame siku ya bamvua, mara mbili: saa nne asubuhi ili uhesabu mwendo hadi kwenye maji na uone mashamba ya mwani yalipo, na saa kumi alasiri ili uone ufukwe uliobaki. Nyumba ambayo saa kumi maji yanagonga ukuta wake haina pa kutandaza kamba wala pa kutua tiara, na kama kodi yake haishuki kwa sababu hiyo, ya jirani aliye nyuma ya barabara itakufaa zaidi.