Uzoefu wangu: kumsaka mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la kalamu

Nilikuwa na hadithi fupi moja ya jarida la Marekani la 1938, kurasa sita tu ila ilinikaa kichwani wiki nzima, na mwandishi kaweka herufi mbili na jina la ukoo basi, hakuna picha, hakuna wasifu. Nikaanza na ISFDB, ile kanzidata ya bure ya hadithi za kisayansi na za ajabuajabu, na kweli wanajituma, jina la kalamu wanaliunganisha na la kweli kama linajulikana. Huyu wangu alikuwa na hadithi moja, mwaka wa kuzaliwa patupu. Nikalipia tovuti fulani ya mambo ya ukoo (siitaji), nikaletewa rundo la marehemu wenye jina hilo, asanteni sana.

Kilichoniokoa ni Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni. Kule kuna skani za vile vitabu vya zamani vya usajili wa hakimiliki wa Marekani na hapo ndo penye utamu, maana kwa sheria ya enzi hizo hakimiliki ilikuwa miaka 28 halafu ukitaka iendelee unaihuisha, kwa hiyo hadithi ya 1938 unaisaka kwenye vitabu vya 1965 na 1966. Ila kisanduku cha kutafuta usikiamini peke yake, kompyuta inakosea kusoma maandishi chakavu, mimi nilipekua ukurasa kwa ukurasa, vimaandishi kama sisimizi, mpaka saa nane usiku nikaiona. Jina la hadithi, jina la kalamu, jina la kweli la jamaa, halafu jina la mwanamke na pembeni yake herufi W. Nikaenda kusoma maelezo ya mbele: A ni mwandishi mwenyewe, C mtoto wake, W mjane. Kumbe jamaa alishafariki na mkewe ndo kaenda kuilipia hadithi ya kurasa sita! Aisee nilikaa kimya kidogo.

Sasa isiwe mkaja kunilaumu, wengi hawakuhuisha kabisa na hao huwapati humo. Na kuna majina ya kalamu ambayo ni mali ya jarida lenyewe, kama Alexander Blade, waandishi kibao walilitumia kwa zamu, hapo utamsaka nani?

Internet Archive naipa nyota nne na nusu. Hivi sasa nipo kwenye sensa ya Marekani ya 1940, iko wazi bure, natafuta nyumba yenye hayo majina mawili.