Taruma za gitaa: sprusi ya Sitka au ya Adirondack?
Taruma, yaani vijiti vya mbao vinavyogundishwa ndani ya gitaa, ndizo zinazozuia uso wake usibonyee kwa mvuto wa nyuzi, lakini zikiwa nzito sauti hufifia. Mara nyingi huchongwa kwa sprusi, mti wa jamii ya msonobari. Aina ya Sitka hupatikana kwa urahisi na patasi huipita vizuri. Adirondack, iliyoenea kwenye magitaa ya kampuni ya Martin ya Marekani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kawaida ni kaidi zaidi kupinda, hivyo unaweza kuichonga nyembamba ukapunguza uzito. Ila ni adimu, na ghali.

Mimi huangalia kipande kabla ya jina. Nakipasua kwa shoka, si msumeno, ili mpasuko ufuate nyuzinyuzi za mti wenyewe, kisha nakigonga nisikilize mlio. Sitka iliyopasuka kwa mstari ulionyooka naichagua kuliko Adirondack yenye nyuzinyuzi zilizopinda.