Mwaka mmoja na refraktometa ya asali: ATC inafanya kazi, ila ina mpaka wake na jua la Tabora

Nafungasha asali hapa Isevya, Tabora mjini. Si kiwanda, ni chumba kimoja na stoo ya mabati. Naletewa ndoo kutoka Sikonge na Urambo, nachuja, natia kwenye chupa, nauza. Ndoo ya lita 20 inabeba asali ya kama kilo 28, kwa hiyo ndoo moja ikichacha unaisikia mfukoni. Hicho ndicho kilichonifanya nitoe shilingi 80,000 kununua refraktometa ya mkononi: bomba jeusi la kushika kama tochi, mbele kioo chenye kifuniko cha plastiki, nyuma jicho la mpira, ubavuni herufi tatu, ATC, yaani inajifidia joto yenyewe. Nimekaa nayo mwaka na ushee. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na moja na nusu zilizokatika si kosa lake lote.

Kazi yake ni kukuambia asali ina maji asilimia ngapi. Skeli ya maji inaanzia 12 na kuishia 27. Pembeni yake kuna ya Brix, yaani ya sukari, 58 hadi 90, na ya Baumé, ambayo sijawahi kuihitaji hata siku moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji. Ikipita hapo chachu inapata nguvu, na baada ya wiki kadhaa ukifungua ndoo unakuta povu na harufu ya pombe.

Chombo chenyewe hakijui maji wala sukari. Kinachoona ni jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye asali. Maji matupu ya nyuzi joto 20 yana namba ya mpindo 1.3330. Asali yenye maji asilimia 18, kwa joto hilohilo, ina 1.4915. Ikiwa na asilimia 20 inashuka hadi 1.4865. Tazama tofauti ya hizo mbili za mwisho: 0.0050. Kwenye hiyo nafasi nyembamba ndimo mnunuzi anapoamua achukue mzigo au aurudishe.

Shida ni kwamba joto nalo linagusa namba hiyohiyo. Asali ikipata moto inatanuka, inakuwa nyepesi kidogo, na mwanga unapinda pungufu kidogo kuliko mwanzo. Kila nyuzi moja inayopanda, namba inashuka kama 0.00023. Ukisafiri mchana kwenda Sikonge unaona lami mbele yako inang'aa kama dimbwi, ukifika hakuna kitu. Mazigazi yale yanaletwa na hewa ya moto iliyolala juu ya lami, ambayo inaupinda mwanga tofauti na hewa iliyo juu yake. Ndani ya tone la asali ni mchezo uleule, ila huwezi kuuona kwa macho. Nyuzi kumi zikipanda, asali ileile inasomeka kama imeongezewa karibu asilimia moja ya maji.

Hapo ndipo ATC inapoingia. Ni kipande cha metali mbili zilizounganishwa, kimefichwa ndani ya bomba, kinajipinda joto likibadilika na kusogeza skeli kufidia ule mshuko. Hakina betri, hakina programu. Kwa kweli ni akili nzuri. Lakini soma karatasi ndogo iliyokuja kwenye boksi: inafidia kati ya nyuzi 10 na 30. Aliyeandika karatasi ile hajawahi kukaa stoo ya mabati Tabora mwezi wa kumi.

Kabla sijafika huko, niseme nilivyoanza vibaya.

Aliyeniuzia (sitamtaja, alinihudumia kwa adabu, ila hakujua anachouza) aliniambia kwa simu: "Weka tone la maji safi, zungusha kiskrubu hadi isome sifuri." Nikaweka maji. Nikachungulia. Bluu tupu, hakuna mstari. Nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto, nusu saa nzima nimefumba jicho moja, na skeli haina sifuri ya kuanzia! Skeli ya asali inaishia 27, na maji yako mbali sana chini yake. Maelekezo yale ni ya refraktometa ya juisi. Nilichofanikiwa ni kuivuruga ile seti ya kiwandani.

Jamaa mmoja anayefuga nyuki akaniambia nitumie mafuta ya zeituni, yale ya kukamuliwa bila moto, niiseti kati ya 71 na 72 kwenye skeli ya Brix. Ushauri sahihi. Nikayatafuta mjini, nikayapata duka la dawa kwenye kichupa kidogo, nikaseti saa saba mchana, themometa ya ukutani ikiwa nyuzi 32. Kuanzia siku hiyo kila ndoo iliyoingia ilikuwa nzuri. Kumi na saba na nusu, kumi na nane, kumi na nane tena. Nikajiona nimepata wauzaji waaminifu wilaya nzima.

Mwezi wa pili tangu siku hiyo, ndoo mbili zikatoa povu.

Nilichelewa kuelewa kosa liko wapi. Mafuta hayafanani na asali kwenye suala la joto: kwa kila nyuzi, namba yake inashuka kama 0.0004, karibu mara mbili ya asali. ATC imetengenezwa kufuata sukari, si mafuta. Kwa hiyo mchana ule mafuta yalisomeka chini kuliko inavyotakiwa, ATC ikafidia nusu tu ya mshuko, na mimi kwa mkono wangu nikasukuma skeli juu ili ifike 71 na nusu. Matokeo yake kila asali ikaonekana kavu kuliko ilivyo kwa karibu asilimia moja. Ile ya 18 ilikuwa 19, na ile ya 19 na nusu ilikuwa imeshavuka mstari. Chombo kilinisifia biashara yangu miezi miwili mfululizo.

Siku hizi naseti alfajiri, kabla jua halijachomoza, kipimo na kichupa cha mafuta vikiwa vimelala chumba kimoja usiku kucha. Themometa ikisoma 20 au 21, naendelea. Ikizidi 23, naacha hadi kesho.

Baada ya hapo nikafanya jaribio ambalo ningeshauri kila mwenye chombo hiki alifanye mara moja, hata kama ni kwa udadisi tu. Nilichukua chupa moja ya asali, iliyotulia, haina mapovu, nikaipima siku nzima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuzi 21: mstari ukakaa kati ya 18 na 19. Saa tano, nyuzi 28: palepale. Hapo nikaivulia kofia ATC. Saa nane na nusu barazani, nyuzi 35: 19 kamili. Nikaingia stoo, nyuzi 38: mstari ukapita 19 kidogo. Asali ni ileile, chupa imefungwa, hakuna aliyeitia maji. Nikakilaza kipimo sakafuni kando ya mtungi kwa saa moja, kikapoa hadi 27, nikapima tena. Kati ya 18 na 19.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Nilichukua tone kutoka kwenye chupa iliyokaa juani, ya moto mkononi, nikalidondosha kwenye kipimo kilichopoa, nikafunika, nikahesabu hadi sitini. Ikasoma sawasawa na ya asubuhi. Tone likishabanwa chini ya kifuniko linakuwa jembamba kama karatasi, linachukua joto la kioo mara moja. Joto lenye neno ni la chombo, si la ndoo. Na sisi chombo tunakiweka wapi? Kwenye mfuko wa suruali, kwenye boksi la pikipiki, juu ya meza ya bati.

Kwa wanaotaka hesabu: joto likipita 30, napunguza 0.1 kwa kila nyuzi iliyozidi. Nyuzi 36 ikisoma 19, naandika 18.4. Kama chombo chako hakina ATC kabisa, anza kupunguza kuanzia 20. Chini ya 20 unaongeza badala ya kupunguza, ila Tabora hilo litakuhusu hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba.

Hesabu hiyo ilimsaidia mzee mmoja wa Sikonge, mrina asali wa siku nyingi, bado anatumia mizinga ya magome. Alipeleka ndoo nne kwa mnunuzi, zikapimwa saa nane mchana juu ya gari, zikasoma 20 na nusu, zikarudishwa. Akaja kwangu jioni amechoka.

"Mwanangu, asali yangu imeongezewa maji na nani njiani?"

Nikamuuliza kama kipimo cha yule mnunuzi kilikuwa na herufi ubavuni. Akasema ni cheusi tu, hakina maandishi. Akalala mjini kwa ndugu yake, asubuhi akarudi. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kinyamwezi. Tukapima ndoo zote nne kabla ya chai, nikamkabidhi aone mwenyewe. Alichungulia muda mrefu, akafuta jicho la mpira kwa shati, akachungulia tena. Zote zilikuwa juu kidogo ya 19. Si kavu, na nilimwambia wazi kwamba masega yasiyozibwa ayaache kwenye mzinga, maana ndiyo yanayoleta maji. Lakini ishirini na nusu haikuwa. Ilikuwa ni jua la saa nane.

Mapungufu mengine ya chombo. Skeli ya maji ina mistari ya asilimia moja moja, nusu unakadiria kwa jicho, kwa hiyo anayekuambia refraktometa ya aina hii imesoma 18.37 anakudanganya. Mapovu madogo kwenye tone yanafanya mstari uwe na ukungu. Asali iache itulie kwanza. Asali iliyoganda haipimiki hivihivi: naitia kwenye kichupa kilichofungwa vizuri, naiweka kwenye maji ya vuguvugu hadi iyeyuke, naiacha ipoe bila kufungua, maana ukifungua ikiwa ya moto mvuke unatoka na maji unayotaka kuyapima nayo yanaondoka. Kifuniko cha plastiki kinakwaruzika upesi, futa kwa kitambaa laini chenye maji, usitumie gazeti.

Shemeji yangu wa Ujiji aliposikia ninacho akataka nimpimie mawese. Nilimbebea kwenye treni ya Kigoma, tukadondosha, mstari ukaangukia chini ya mwisho wa skeli ya maji. Mawese yako chini ya skeli hiyo, ingawa yamo ndani ya ile ya Brix. Hata maabara hayapimwi kwa nyuzi 20, kwa sababu huwa yameganda nusu. Codex inayataja kwa nyuzi 50, kati ya 1.454 na 1.456. Maabara wana refraktometa za mezani, ukoo wa ile ya Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, ambazo hupitishiwa maji ya joto lisilobadilika pembeni ya kioo. Yaani wao hawafidii joto, wanalizuia lisibadilike. Sisi wa stoo ya mabati tuna alfajiri na mtungi.

Kwa hiyo kama unanunua, nunua yenye ATC, usikubali isiyo nayo kwa kuokoa shilingi elfu kumi na tano, na hiyohiyo elfu kumi na tano nunulia themometa ndogo uifunge kwa raba kwenye bomba la kipimo. Yangu imefungwa hivyo tangu mwezi wa kumi na moja. Bisibisi iliyokuja kwenye boksi ilipotea wiki ya kwanza, natumia ya fundi miwani.